Jito, Kile Kiti Nilikileta Mimi

Jito, shoga yangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua. Umechomwa, na majivu yako yamepandishwa ndege hadi Punjab yakamwagwa mtoni, wewe uliyezaliwa Makindu kwenye nyumba za reli na India yenyewe umeitia machoni mara mbili tu. Ningekuwepo ningewaambia. Sikuwepo. Nilikuja kujua siku ya tisa, dukani kwa yule Mgujarati aliyetoka Kampala anayeuza dawa hapa mtaani, nimekwenda kuchukua vidonge vyangu vya presha. Akaniambia, "Pole sana, Bibi, kwa rafiki yako." Pole ya nini? nikamuuliza. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na mimi nikajua.

Anayeshika kalamu ni Rehema, msichana wa Tanga anayesoma hapa Landani, amepanga chumba cha nyuma kwa binti yangu Asha. Mimi skuli sikupelekwa, hilo unalijua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Sijafika popote na ameshaanza kufuta macho. Nimemwambia, we mtoto, ukilia wewe na mimi nikilia, nani ataandika?

Mwaka wa tatu huu, Jito. Mwaka wa tatu sijasema Kiswahili cha kucheka. Na Asha ni Kiswahili cha amri tu: umekula, funga mlango, lete simu. Wajukuu nawasemesha wananijibu Kiingereza, tena macho kwenye televisheni. Rehema ana adabu mno, shikamoo bibi asubuhi, shikamoo bibi jioni, mpaka natamani anikosee. Hakuna wa kunitukana. Wewe ulikuwa unanitukana vizuri. "Mwana, kichwa yako iko ngumu kama jiwe ya reli." Nani ataniambia hivyo tena? Hata Kiswahili chako kilichovunjika miguu yote miwili nakitamani. Nakikumbuka nikiosha vyombo, naacha maji yanatiririka.

Unakumbuka sokoni? Nilikuwa na miezi mitatu tu hapa, baridi imeniingia kwenye meno, Asha amenileta kutoka Mombasa nimlelee watoto akienda zamu hospitalini. Sina ninayemjua. Mara nasikia nyuma yangu, "Hii mhogo nimeoza! Wewe nataka ua mimi?" Nikageuka natafuta Mswahili mwenzangu. Namwona mama mrefu, shungi jeupe, bangili ya chuma mkononi, amemshikia kipande cha muhogo puani muuzaji Mghana wa watu ambaye haelewi hata neno moja. Hasira zilikupanda, Kiswahili kikatoka chenyewe. Nikakwambia, "Shoga, muuzaji si Mswahili, wewe si Mswahili, mnagombana kwa lugha ya nani?" Ulicheka mpaka mfuko ukaanguka, vitunguu vikaenda chini ya meza za watu. Tukaviokota wote wawili. Kisha ukanishika mkono, hukuniuliza jina, ukasema, "Kuja. Kuja kula."

Nikaja. Nilidhani nakwenda nyumbani kwako, kumbe ni hekaluni kwenu, lile dogo nyuma ya stesheni, lililokuwa kanisa la Wazungu kabla Wazungu hawajaacha kusali. Nikasita mlangoni. Nikakwambia mimi Muislamu, shoga, na huku ni kwa Makalasinga. Ukanitazama kama nimekwambia mimi mbuzi. "Mimi nimeuliza wewe Mungu gani? Mimi nimeuliza wewe njaa?"

Njaa nilikuwa nayo. Njaa ya watu. Nikakaa chini kwenye mkeka, katikati ya wasionijua, dengu na chapati mbele yangu, mama mmoja ananisemesha Kipunjabi, mwingine anatia Kiswahili cha Nakuru, mwingine cha Kisumu, na wote mnasema sufuria, mnasema kisu, mnasema fagio, kama vile hamkuondoka. Nilikula chapati nne. Ulizihesabu, mchoyo wewe, ukanitangaza jikoni kote.

Asha aliponiona naenda kila Jumapili akanuna. Wazanzibari wa ghorofa ya tatu wakasema Mwanakombo karitadi kwa dengu. Hawakujua kwamba adhuhuri ikiingia ulikuwa unanifungulia stoo ya unga, umenifagilia, umenitandikia shuka safi, na wewe mwenyewe unasimama mlangoni na mikono yako ya unga ili mtu asinipite mbele nikisali. Mtu wa dini yangu hajanilinda hivyo. Sikuwahi kukwambia. Vitu vya maana sikuwahi kukwambia hata kimoja, nilikuwa bingwa wa kukutania tu.

Na kazi yangu ikawa viatu. Ulinieleza kwamba kwenu kupokea viatu vya watu mlangoni na kuvipanga ni sewa, kazi ya kujitolea, na ni kubwa kuliko kukaa mbele na cheo. Anayejisikia sana hupelekwa kwenye viatu akajifunze unyenyekevu. Nikakwambia mimi sijauonja huo unyenyekevu tangu kuzaliwa, nipelekeni huko huko. Mlikuwa na vibati vya namba. Nikavitia vyote kwenye kopo, namba za nini? Nilijua kiatu cha kila mtu. Cha Mama Pritam, mwenzako wa jikoni, kimelika kisigino cha kushoto kwa sababu anatembea kama bata. Cha mwenyekiti kinanuka. Vyako ni zile raba nyeusi ulizozichana pembeni vidole vilivyovimba vipate pumzi. Na kwa kuwa kazi ile ni ya kukaa saa nyingi, mkanipa kiti cheupe cha plastiki, kile cha bustanini. Ukiacha ofisi ya katibu, hakikuwepo kiti kingine kwenye jengo lile.

Sababu ulinieleza mwenyewe, tena mara nyingi, unakata vitunguu machozi yanakutoka, sijui ni ya vitunguu, sijui ni ya Makindu. Baba yako aliletwa na reli, fundi seremala. Reli ikifika mahali, mafundi wanatua mizigo, wanapiga bati juu ya nguzo nne, Kitabu chenu kitukufu kinawekwa hapo chini ya kitambaa kizuri, na pembeni moto unawashwa. Mombasa hivyo. Makindu hivyo, karibu na stesheni, abiria anashuka anakula, awe Mkamba, awe Mzungu wa shamba. Nairobi, Kisumu, mpaka Uganda. Ulikuwa na kopo la biskuti limejaa picha. Ami yako aliyekwenda Kanada kupasua magogo, anasimama kwenye theluji mbele ya hekalu la mbao. Binamu aliyekuwa askari Singapuri. Wale wa Hong Kong. Wale waliokwenda Amerika kulima matunda, vilemba vyao na matrekta. Mimi nikawa natazama makuba na bendera, ukanipiga kidole. "Wewe siangalie juu, Mwana. Angalia sufuria. Sufuria iko kubwa, hekalu iko hai." Na kweli, katika kila picha, pembeni, lipo jiko na sufuria na watu wamekaa chini.

Na hapa Landani mlianzia sebuleni kwa mtu, Jumapili makochi yanatolewa nje, mvua inayanyeshea. Kisha ukumbi wa kukodi. Kisha mkalinunua lile kanisa, wanawake mkatoa bangili zenu za harusi. Na kazi ya kwanza mliyofanya ni kung'oa mabenchi. Wewe ulishika benchi upande huu, Mama Pritam upande ule, mkalibeba hadi nje mnacheka. Kwa sababu kwenu anayekuja kula anakaa chini, mstari mmoja, mkubwa na mfagizi. Ukaniambia hata mfalme alipokuja kumwona Guru wenu wa tatu, mwalimu mkuu wa dini yenu, aliambiwa, kaa kwanza na watu, ule, ndipo uonane naye. Mfalme akakaa chini. Ulipenda sana kisa hicho. Kila ukifika hapo kisu kilisimama.

Yote hayo niliyajua, Jito. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Sijui nani alianza habari ya viti. Nadhani ilianza mbali, maana ndugu yako wa Kanada alikupigia simu akasema kwao watu wameshikana mashati mpaka polisi wakaja. Hekalu zima linagombania meza. Kisha ikafika kwetu. Wakawa watu wa chini na watu wa viti. Wa viti wakasema wazee hawawezi kukaa chini tena, na vijana wanakuja na suti za kazini. Walikuwa na hoja, usinikasirikie. Wa chini wakasema tukianza na meza, kesho kutakuwa na meza ya wakubwa. Na wewe ulikuwa ndiyo bendera ya watu wa chini. Mama Pritam alikuwa anasema mbele za watu, Jito ana magoti kama maboga, na anakaa chini. Nani mwingine ana udhuru? Basi wanaume wananyamaza. Bali, mwanao, akiwa kwenye kamati, anakutolea wewe mfano. Goti lako lilikuwa linashikilia paa la jengo lile.

Na mimi ndiye niliyekuwa nakuona jikoni. Nilikuona unavyoshika ukuta. Nilikuona umejifungia stoo unajikanda kwa mafuta ya karafuu, unauma shungi usilie kwa sauti.

Jumapili ile. Watu wengi, sikukuu yenu ya mwaka mpya, ukumbi wa chakula umejaa. Wewe umemaliza kugawa, umeambiwa na wewe ukae ule. Mara sala kubwa ikaanza kusikika kwenye spika, na kwenu sala ile ikisikika kila mtu popote alipo anasimama. Wote mkasimama, mikono imekunjwa. Nikakuona kutoka mlangoni kwangu. Goti la kulia linatetemeka. Jasho. Nikajua sala ikiisha utatakiwa ushuke chini tena, na nikajua safari hii hutaweza kuinuka.

Sikufikiri. Nilichukua kiti changu, nikapita nyuma ya wanawake macho yao yamefungwa, nikakiweka nyuma yako. Sala ilipoisha, kabla macho ya watu hayajafunguka, nikakubonyeza bega, nikakunong'oneza. "Kaa, shoga. Mungu hana haja na magoti yako." Nikarudi kwenye viatu.

Watu wote wakashuka chini. Ukumbi mzima ukashuka, na wewe peke yako ukabaki juu.

Ungeweza kukisukuma. Nimeliwaza hilo mpaka nimelichakaza. Ungeweza kukisukuma, ukajitupa chini hata kama goti lingevunjika. Ulinitazama mlangoni. Nikakuonyesha kwa mkono, kaa, kaa. Ukabaki umekaa. Ulichoka? Au uliogopa ukikikataa nitaaibika mimi, mgeni, mbele ya watu wale? Nilitaka kukuuliza hilo. Hilo tu. Sikukuuliza.

Mzee mmoja wa watu wa viti akasimama, akanyoosha kidole kwako, akasema maneno ya Kipunjabi, na upande wao wakacheka kwa furaha. Sikuhitaji mkalimani. Bali akatoka nje. Mama Pritam akaacha chakula chake.

Sasa andika vizuri hapa, Rehema.

Watu walipokuja kuchukua viatu, Mama Pritam akanisimamia pale mlangoni, na wanawake wanne nyuma yake. Akaniuliza, "Nani nampa Jito kiti?" Na mimi nikasema, "Sijui. Mimi nilikuwa na viatu, kiti kimechukuliwa nimeinama. Labda kaagiza mwenyewe."

Labda kaagiza mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyosema, Jito, kwa mdomo huu.

Niliogopa. Niliogopa watasema huyu Muislamu tumempokea, tumempa viatu vyetu, sasa anatuvunjia mwiko wetu. Niliogopa kufukuzwa. Mume nimemzika Mombasa, nyumba nimeiacha kwa shemeji, hapa Landani sikuwa na mahali pengine ambapo nikikohoa mtu anajua ni mimi. Nikachagua mahali, nikakuacha wewe. Na mahali penyewe, bila wewe, palikuwa ni nini? Mawe na unga.

Ungekuwa mbali ningejifariji. Lakini ulikuwa nyuma yao, unangoja raba zako. Ulisikia. Walipokwisha kutoka nikakupa raba zako, ukazipokea mkononi mwangu, ukasema, "Asante, Mwana." Kama Jumapili zote. Asante hiyo naigeuza huku na huku mwaka wa tatu huu. Sijui ina nini ndani.

Hukuwaambia. Walikuita msaliti kwa Kipunjabi na kwa Kiswahili, wanawake uliowapikia harusi za watoto wao, na wewe hukufungua mdomo kusema, ni Mwanakombo. Wiki ya pili meza zikaletwa. Watu wa chini wakachukua mikeka yao wakaenda kukodi ukumbi wa shule. Hawakukuita. Watu wa viti wakakuita, hukwenda. Bali akaja na gari akakuhamishia kwake Stanmore, akasema ni kwa ajili ya magoti. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikaona kopo lako la biskuti linapakiwa. Sikuvuka.

Nilikuja Stanmore mara mbili. Treni inakwenda mpaka mwisho wa reli, mimi nahesabu stesheni kwa vidole. Mara ya kwanza mkaza mwanao akasema umelala. Nikamwachia mahamri. Mara ya pili akafungua mlango kwa mnyororo, akasema, kwa upole lakini, Mama anapumzika, Aunty. Nikageuka. Mimi! Mimi niliyewahi kumsukuma mlinzi wa ofisi ya uhamiaji kule Croydon kwa sababu alimpandishia Asha sauti, nikazuiwa na mnyororo wa mlango! Ningetaka kuingia ningeingia. Sikutaka. Niliogopa macho yako. Nilipiga simu pia, mashine inasema Kiingereza, inalia tii, mimi nakata.

Ulipokufa, na nilipojua, nikaja mara ya tatu. Bali alinifungulia mwenyewe. Amezeeka, Jito. Kilemba kimefungwa vizuri lakini uso umelala. Akanikalisha, akaniletea chai yenu ya viungo. Nikamuuliza, "Mama yako alisema lolote juu yangu?"

Akanimiminia chai nyingine. Yeye aliondoka Nairobi mtoto wa miaka tisa, Kiswahili chake ni cha kuokoteza, anashika neno ukilisema polepole. Akaniambia kwamba wiki zako za mwisho Kiingereza kilikutoka chote. Kisha Kipunjabi nacho kikaanza kwenda. Ukabaki unasema Kiswahili tu. Mchana kutwa. Unaongea na ukuta, unaongea na dirisha, unanyoosha mkono unaonyesha. Mkaza mwanao amezaliwa Birmingham, haelewi. Wajukuu hawaelewi. Nesi aliyekuwa anakuja kukuosha akaandika kwenye karatasi zake kwamba mgonjwa anatamka maneno yasiyo na maana.

Kiswahili cha Makindu. Hakina maana.

Nikamwambia Bali, mbona hamkuniita? Ningekuja kwa miguu. Akasema, "Tulifikiri mmegombana, Aunty. Kila tukisema jina lako, Mama anageukia ukuta." Nikamuuliza, anageuka kwa hasira au kwa kulia? Hajui. Alikuwa anasema nini? Hajui. "Mengi, Aunty. Mengi sana. Siku tatu za mwisho hakunyamaza."

Siku tatu, na mimi ninayeelewa kila neno lako hata ulivyolivunja, nilikuwa nimekaa kwenye fleti ya Asha naangalia mvua. Kama ulinisamehe, ulimsamehe nani, pazia? Kama ulinilaani, nani alisikia? Kama uliomba maji, ulipewa? Usiku silali nikiwaza uliomba maji wakakupa mto. Yote uliyosema yameingia kwenye karatasi ya ukuta wa nyumba ya Stanmore, na hakuna wa kuyatoa.

Na hata pale, Jito, na kikombe mkononi, sikumwambia Bali habari ya kiti. Yeye alikasirika na mama yake mpaka mama akafa, na mimi nilikuwa na dawa ya hasira zile mdomoni, nikaimeza pamoja na chai. Nikamshukuru, nikavaa koti, nikaenda.

Nikwambie yaliyobaki. Hekalu letu dogo limevunjwa, wanajenga fleti. Nilipita nikaona stoo yangu ya kusalia, ukuta mmoja tu, imejaa maji ya mvua. Watu wa viti wamejenga jipya, kubwa, makuba meupe, lifti, mahali pa magari. Nilikwenda. Viatu unaweka mwenyewe kwenye rafu za chuma. Chapati zinatoka kwenye mashine, moja baada ya nyingine, zote sawa, kama tiketi. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mara yangu ya kwanza. Sufuria lao ni kubwa kuliko yote uliyonionyesha kwenye picha, naapa, mtu anaweza kuogea. Nilikula nikashiba, na hakuna aliyenihesabia chapati. Kwa hiyo ulinidanganya kidogo, shoga. Sufuria linaweza kuwa kubwa na mtu akafa njaa pembeni yake.

Na wale wa chini bado wamo kwenye ukumbi wa shule, wazee wachache na mikeka. Bali aliniambia kwamba kwenye kisomo chako cha mwisho, katika wanawake wote wa jikoni, walikuja wanne. Mama Pritam hakuja. Alisema hawezi kumwombea aliyewavunja. Wewe. Wewe uliyebeba benchi upande wa pili.

Hilo ndilo limenishinda kumeza. Nilikuwa nimeamua nife nalo, nina sukari, nina presha, haichukui muda. Lakini wanalitaja jina lako hivyo kwa sababu ya uongo wangu, na mimi naishi, nakula, naangaliwa na daktari.

Jana nilipiga simu kwa Bali. Mashine ikajibu, ikalia tii. Safari hii sikukata. Nikasema, "Bali, ni Mwanakombo. Njoo kwenye ukumbi wa shule Jumapili. Nina neno juu ya mama yako." Asha akaniuliza neno gani, nikamwambia na wewe njoo ulisikie.

Rehema atanipandisha basi. Nakuahidi, Jito, na sijawahi kukuahidi kitu maishani zaidi ya kukurudishia bakuli zako: nitaingia wakati wa chakula, watu wamekaa, Mama Pritam mbele yangu, mwanao yupo. Nitasema kwa Kiswahili, na kile Kipunjabi cha jikoni ulichonifundisha nitakitia palipopungua. Nitasema kiti kilikuwa changu, na bega lako nililibonyeza mimi, na mlangoni nilisema uongo, na wewe ulisikia ukanyamaza ili nisifukuzwe. Au ulinyamaza kwa sababu nyingine. Hilo sitalisema, maana silijui.

Usidhani nakwenda kutafuta nafuu. Nafuu haipo. Hutarudi, Bali hatapata mama wa kumwomba radhi, na mimi sitajua kamwe ulinitazamaje mwishoni. Huu ndio mzigo wangu na nitaingia nao kaburini.

Buriani, shoga yangu. Buriani, mama wa Bali, binti wa seremala wa Makindu. Najua swali ambalo Mama Pritam ataniuliza Jumapili. Ataniuliza, mbona umengoja mpaka amekufa? Na mimi ninayejulikana Landani nzima kwa mdomo, sina jibu. Nitasimama hapo mbele yao, na sitaondoka mpaka wamalize kunitazama.

Mwanakombo